Chanjo ya Ng'ombe Iliyojaza Nyumbu Serengeti

Mwaka 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alishuka ndani ya kreta ya Ngorongoro akiwa na wapagazi wake. Huko aliwakuta Wamaasai waliobaki ngozi na mifupa: morani wakitambaa kwa mikono na magoti, wazee wakingoja kufa. Hawakuwa wamepigwa vitani. Ng'ombe wao walikuwa wamekwisha.

Kilichowamaliza ni sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea mwaka 1887, pamoja na ng'ombe wa jeshi la Waitaliano, ukateremka kusini kwa kufuata njia za mifugo na biashara. Miaka michache baadaye ulikuwa Umaasaini, na kufikia 1896 ulishavuka Mto Zambezi. Zizi lililokuwa na ng'ombe 100 lilibaki na 10, au chini ya hapo. Wa porini nao hawakupona. Nyati, nyumbu, twiga na pofu walikufa vilevile, vidonda mdomoni, wakiharisha mpaka wakaanguka. Nchi iliyokosa ng'ombe wa kula majani na watu wa kufyeka na kuchoma ikaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawazuia watu kurudi. Wazungu waliokuja baadaye kuchora mipaka ya mapori ya akiba waliiona nyika tupu wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Jambo hili huwa halitajwi inapozungumzwa Serengeti ya asili, nami naona lazima litajwe kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya utupu ule ilikuwa kovu la ugonjwa.

Sotoka haikuondoka. Kwa miaka 70 hivi iliendelea kuzuka Tanganyika na Kenya, ikitulia na kurudi. Maofisa wengi wa mifugo wa serikali ya kikoloni waliamini kuwa wanyamapori ndio wanaoutunza ugonjwa na kuurudisha mazizini, hivyo wakataka wauawe au wazuiwe kwa uzio. Wahifadhi nao walimwona mfugaji na jangili kuwa ndio adui. Kila upande ulikuwa na hakika, na hapakuwa na upande wenye hesabu.

Hesabu ilianza na ndege ndogo aina ya Dornier, iliyopakwa mistari ya pundamilia. Januari 1958 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliirusha juu ya Serengeti, iliyokuwa hifadhi ya taifa tangu 1951. Serikali ilitaka kubadili mipaka ya hifadhi, nao walitaka kujua wanyama ni wangapi na wanahamia wapi. Walipita angani mstari baada ya mstari wakihesabu kwa macho, wakaandika jumla ya wanyama 366,980, kati yao nyumbu 99,481. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1959, ndege ile iligonga tai ikaanguka. Michael alikufa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoipiga ilipata tuzo ya Oscar na kuufanya ulimwengu uamini kwamba Serengeti ilikuwa inakaribia kufa.

Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ilibadilishwa. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakichunga Moru na sehemu nyingine za ndani ya hifadhi wakahamishwa. Hii ilikuwa hatua kubwa ya uhifadhi, iliyowagharimu watu makwao. Lakini hapakuwa na mfululizo wowote wa hesabu uliokuwa umeonyesha kwamba ng'ombe wa Moru walikuwa wakipunguza nyumbu. Watu walihamishwa kwa imani, na kipimo kikaja baadaye.

Mwaka 1961 wataalamu wengine, Lee Talbot na D. R. M. Stewart, waliongoza hesabu ya eneo zima la Serengeti na Mara. Safari hii nyumbu walipatikana takriban 250,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na wengi wa ndama hao hawafikishi mwaka, hivyo kundi haliwezi kuongezeka zaidi ya maradufu kwa miaka 3. Ilikuwa wazi kwamba macho ya mwaka 1958 yaliwakosa wengi. Kuanzia hapo hesabu ziliboreshwa: ndege ikaruka kwa mistari iliyopangwa, kamera ikapiga picha, na picha zikatandazwa mezani ili kila doa jeusi lihesabiwe kwa utulivu, na kwa kila jumla ikaandikwa pia kadiri ya makosa yanayoweza kuwemo. Kazi hii ya kuchosha ndiyo iliyowezesha yote ninayoyasimulia hapa.

Namba zikaanza kupanda. Mwaka 1963 nyumbu walizidi 350,000. Mwaka 1967 walikuwa 480,000 hivi, na mwaka 1972 zaidi ya 770,000. Nyati, ambao mwaka 1961 walikuwa kama 16,000, walipita 60,000 katikati ya miaka ya 1970. Furaha ilikuwa kubwa, na kila mtu alijua sababu. Wahifadhi walisema ni hifadhi, askari walisema ni doria, wengine wakasema ni mvua.

Aliyekataa kuridhika na majibu hayo ni Anthony Sinclair, kijana aliyezaliwa Zambia na kukulia Tanzania, aliyefika Serengeti mwaka 1965 akisoma Oxford. Alichunguza nyati, lakini swali lake liligusa wanyama wote. Ikiwa hifadhi na doria ndizo zilizoongeza wanyama, basi pundamilia nao walipaswa kuongezeka. Pundamilia hulala nyika ileile, hunywa mito ileile, hunaswa na nyaya zilezile na kuliwa na simba walewale. Hata hivyo walibaki palepale, karibu 200,000, mwaka baada ya mwaka, huku nyumbu na nyati wakijaa.

Tofauti iko tumboni. Nyumbu na nyati wanacheua, kama ng'ombe, na sotoka ni ugonjwa wa wanyama wanaocheua. Pundamilia hacheui, na sotoka haimshiki. Mnyama ambaye hakuna aliyemtilia maanani katika habari hii akawa ndiye shahidi mkuu, kwa kuwa aliishi mahali pamoja na wenzake na kutofautiana nao katika jambo moja tu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, daktari wa mifugo wa Kiingereza Walter Plowright na wenzake walikuwa wakikuza kirusi cha sotoka, aina iliyoitwa Kabete O, ndani ya seli za figo za ndama. Walikihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 90, mpaka kikapoteza uwezo wa kumtia ng'ombe ugonjwa lakini kikabaki na uwezo wa kumkinga. Chanjo hiyo ilikuwa rahisi kutengeneza na ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 ng'ombe wanaozunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi, na kuanzia 1962 kampeni kubwa ya pamoja ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Sindano walidungwa ng'ombe peke yao. Hakuna nyumbu aliyechanjwa.

Porini Plowright alikuwa ameona jambo ambalo wachungaji walilijua: ndama wa nyumbu walikufa ovyo walipofika miezi 7 au zaidi. Huo ndio umri ambapo kinga anayoipata ndama kwa mama yake inakwisha na sotoka inampata akiwa mtupu. Katika miaka ile ndama mmoja kati ya wanne ndiye aliyefikisha mwaka. Baada ya ng'ombe kuchanjwa, nusu yao walifikisha.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa kwenye damu. Mnyama aliyewahi kuugua sotoka akapona hubaki na kingamwili za ugonjwa huo mpaka kufa, kwa hiyo ukijua umri wake na ukapima damu yake, unajua kirusi kilipita mwaka gani. Nyumbu waliozaliwa kabla ya 1963 walikuwa nazo. Waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa nazo. Kwa nyati mpaka uliangukia karibu mwaka uleule. Sotoka ilitoweka porini mara tu ilipokosa ng'ombe wa kupitia. Ghala la ugonjwa lilikuwa mazizini muda wote, na kama wale waliotaka wanyama wauawe wangesikilizwa, tungeyamaliza makundi ya nyumbu bila kuigusa sotoka.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu naliona kuwa ushindi mkubwa kuliko wowote wa kuokoa wanyama Afrika Mashariki, na haukuwa umepangwa kuokoa mnyama hata mmoja wa porini. Waliobeba gharama na usumbufu wake ni wafugaji, waliokusanya ng'ombe wao wakawapanga mstari kungoja sindano. Baadhi ya wafugaji hao ni wale waliohamishwa mwaka 1959.

Sinclair na wenzake hawakuhitimisha haraka. Kati ya 1971 na 1976 mvua za kiangazi zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na mvua hizo huotesha majani wakati wa njaa. Je, nyumbu wa miaka ile waliongezwa na chanjo au na mvua? Jibu lilikuwa vyote viwili kwa zamu: kuondoka kwa sotoka kuliwapandisha mpaka mwanzo wa miaka ya 1970, kisha mvua zikawaongeza tena. Mwaka 1977 hesabu ilifika kama milioni 1.4, na ongezeko likakoma. Miaka iliyofuata idadi ilicheza karibu na milioni 1.3.

Kwa nini ikakoma? Hapa anaingia Simon Mduma, mwanasayansi Mtanzania aliyekuja baadaye kuiongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Mduma alizunguka nyikani akitafuta mizoga ya nyumbu kabla fisi na tai hawajaimaliza, na alipoipata alivunja mfupa wa paja na kutazama uboho. Mnyama aliyekufa akiwa ameshiba uboho wake ni mweupe, mgumu, umejaa mafuta. Aliyekufa kwa njaa uboho wake umegeuka ute unaopitisha mwanga, kwa maana mwili hula mafuta ya uboho baada ya kumaliza mengine yote. Hata nyumbu aliyekamatwa na simba alifunguliwa mfupa, kwani simba hukamata kwa urahisi aliyekwisha kudhoofu. Mwaka 1999 Mduma, Sinclair na Ray Hilborn walichapisha kumbukumbu za miaka 40 zilizoonyesha kwamba kinachopanga idadi ya nyumbu ni chakula cha kiangazi. Ukame wa 1993 ulikuwa umekwisha kulithibitisha hilo, pale nyumbu waliposhuka mpaka kama 900,000.

Wingi wao uliibadili nchi. Midomo milioni moja na zaidi ilikula majani ambayo zamani yalikauka na kuungua, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Lakini kulikuwa na hasara pia, na haikumwangukia mtalii. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kingine kisichowadhuru wenyewe ila huua ng'ombe, na Wamaasai hujiepusha na nyika za majani mafupi msimu wa nyumbu kuzaa. Nyumbu walipoongezeka mara tano, wafugaji wa Ngorongoro walipoteza malisho bora ya mwaka kwa miezi kadhaa. Hatua moja ya uhifadhi inaweza kufaulu kwa mnyama na kumwumiza jirani yake, na mizani ya kweli hupima pande zote mbili.

Doria nazo zilingoja miaka mingi kupimwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watalii waliokuwa wakija Serengeti kupitia Nairobi hawakuja tena, mapato yakakauka, magari ya askari yakakaa bila mafuta na vipuri. Majangili wakaingia. Faru wakakaribia kwisha kabisa. Tembo, waliokuwa zaidi ya 2,000, walibaki karibu 500 kufikia 1986. Nyati wa kaskazini walifyekwa. Mkasa huu haukuandaliwa na mtafiti yeyote, lakini ulitoa jibu ambalo hakuna mtafiti ambaye angethubutu kulitafuta kwa makusudi: ondoa doria, uone.

Shida ilikuwa namna ya kuupima ujangili wenyewe. Askari wakikamata majangili wengi mwaka huu kuliko mwaka jana, huenda majangili wameongezeka, na huenda ni doria zilizoongezeka. Hilborn, ambaye ni mtaalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Washington, alileta hesabu ambayo mvuvi yeyote wa pwani ataielewa: samaki unaowapata hawakuambii kitu mpaka uwagawe kwa saa ulizotega wavu. Yeye na wenzake, wakiwemo Mduma na Justin Hando, aliyekuwa mhifadhi mkuu wa Serengeti, walichambua kumbukumbu za hifadhi za miaka 50 wakigawa waliokamatwa kwa kazi ya doria iliyofanyika. Mwaka 2006 jarida la Science likachapisha matokeo. Ujangili ulipanda sana doria zilipoporomoka mwaka 1977, ukashuka bajeti iliporudi, na nyati, tembo na faru wakaanza kuongezeka tena. Kwa hiyo askari walikuwa na haki sehemu fulani ya madai yao. Doria hazikuwajaza nyumbu wa miaka ya 1960, lakini ziliwaokoa nyati na tembo wa miaka ya 1990. Dai moja likiwa kweli kwa mnyama mmoja na wakati mmoja halijawa kweli kwa wote.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Kabla ya mwaka kwisha theluthi yao, kama 1,000 kati ya 3,000, walikuwa wamekufa kwa distempa ya mbwa, kirusi cha ukoo mmoja na sotoka. Mbwa wa vijijini walishukiwa mara moja, na kampeni ya kuwachanja ikaanza. Ilionekana kama sotoka kwa mara ya pili: chanja mfugo, okoa wa porini. Ila damu ya simba iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi ilipopimwa, ilionyesha kwamba kirusi hicho kilishapita kwao mara kadhaa bila kuua. Tofauti ya 1994 ilikuwa ukame. Nyati walidhoofu, wakajaa kupe, simba wakawala na kuambukizwa vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, na distempa ikawakuta wakiwa hoi. Kisha mwaka 2015 uchambuzi wa takwimu za miongo mitatu ukaonyesha kwamba chanjo iliwapunguzia maambukizi mbwa, lakini simba waliendelea kuambukizwa. Mbwa hawakuwa njia pekee ya kirusi.

Je, fedha za kuchanja mbwa zilipotea? Hapana, na hilo pia tunalijua kwa kulinganisha. Wilaya ya Serengeti ilichanja mbwa wake dhidi ya kichaa kuanzia 1996, huku Musoma ikifuatiliwa bila kampeni ya namna hiyo. Serengeti kichaa kwa mbwa kilishuka kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Musoma hakikushuka. Chanjo ile iliwanusuru binadamu, hasa watoto.

Mbwa mwitu walipitia mkasa mwingine. Walipotoweka ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwaka 1991, mtafiti mmoja alidai kuwa ni watafiti wenyewe waliowaua, kwa kuwalaza kwa dawa, kuwavisha kola za redio na kuwachanja. Madai hayo yalizuia kazi kwa miaka. Baadaye Emmanuel Masenga wa TAWIRI na wenzake waliwavisha kola mbwa mwitu 67 na kuwafuatilia. Asilimia 87 waliishi zaidi ya mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, karibu miaka 30 tangu swali liulizwe.

Sotoka yenyewe imekwisha duniani. Kisa cha mwisho kilichothibitishwa kilikuwa cha nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangazwa kuwa umeondokana nayo. Ni ugonjwa wa pili kufutwa, baada ya ndui.

Kuhesabu hakujaisha. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti na programu za kompyuta walitangaza kwamba nyumbu wanaohama waliohesabiwa mwaka 2022 na 2023 walikuwa chini ya 600,000, ilhali hesabu za ndege zimezoea kutoa milioni 1.3. Huenda wengi walikuwa chini ya miti au nje ya picha. Huenda njia ya ndege inazidisha. Huenda kweli wamepungua. Njia ya kulimaliza inajulikana: ndege na setilaiti zipite juu ya nyika ileile, siku ileile, na picha zote ziwekwe mezani pamoja. Kabla hilo halijafanyika, asiwepo wa kuutumia wingi wa nyumbu, wala uchache wao, kuwa sababu ya kumhamisha mtu au kupitisha barabara.